Malezi ya Watoto: "Mwambie Hayupo"

Wasomaji wapendwa, juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mzazi Mkristo hudhani kuwa amekwisha kulijua, nalo ni kuwafundisha watoto wetu kusema kweli. Katika tabia nyingi njema zitupasazo kuwafundisha nimechagua hii moja, kwa sababu nimeona ya kuwa mtoto asiyeweza kusema kweli hawezi kutubu, na asiyeweza kutubu hawezi kukua rohoni. Upendo, uvumilivu, upole na kiasi, vyote huota katika udongo huo. Nami leo sisemi kama mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Nasema kama mtu aliyeteleza njiani, akasimama pembeni ili awaonyeshe wenzake mahali penye utelezi.

Yaliyonipata ndiyo haya. Yuko mzee mmoja, fundi seremala, ambaye alinitengenezea meza na viti 4. Kazi yake ilikuwa nzuri, hata wageni waliokalia viti vile waliniuliza nimevinunua mji gani. Nilimlipa nusu ya fedha, nikamwahidi kwamba nusu ya pili nitampa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, nami nikapata shauri jingine la fedha zile. Ukafika mwezi wa pili, nikapata shauri jingine tena. Sisi makarani tunaoshinda ofisini tukiandika hesabu za watu, mara nyingi twasahau hesabu zetu wenyewe.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimeketi ndani nikisoma gazeti, tena nimekalia kimoja cha viti vile vile. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa kizingitini akipukuchua mahindi. Mara nikasikia sauti, "Hodi! Hodi hapa!" Nikaitambua. Nikamwita mtoto kwa ishara ya mkono, nikamnong'oneza, "Mwambie hayupo." Mtoto akaenda. Nikamsikia akisema, "Shikamoo, babu. Baba hayupo." Mzee akamwuliza, "Marahaba. Amekwenda wapi, mjukuu wangu?" Jibu la swali hilo sikuwa nimemfundisha, na moyo wangu ukaruka. Lakini mtoto hakusita hata kidogo. Akasema, "Amekwenda sokoni, atarudi usiku." Mzee akashukuru, akaenda zake.

Sasa nitawaambia neno linaloniaibisha kuliko yote. Nilicheka. Nilimpiga mtoto begani kwa furaha nikamwambia, "Wewe una akili." Kisha nikampa kipande cha mkate. Wazazi wote wajua kwamba mtoto hujifunza upesi anaposifiwa, na siku ile mimi nilikuwa mwalimu hodari sana.

Majuma 3 yakapita. Siku moja nikirudi kutoka kazini nilikutana njiani na mwalimu wake. Tulipokwisha kuamkiana akaniambia kwa upole, "Pole na safari, Bwana. Tumefurahi kuona kwamba umerudi salama." Nikamwuliza, "Safari gani, Mwalimu?" Akanitazama kwa mshangao. Kumbe mtoto alikuwa amekwenda shuleni bila daftari la hesabu kwa siku 5, na kila alipoulizwa alijibu kwamba baba yake hayupo, amesafiri, atamnunulia atakaporudi. Nami nilikuwa nimempa fedha za daftari lile kwa mkono wangu mwenyewe. Nilibaki nimesimama barabarani, nimepewa pole ya safari nisiyokwenda.

Nilikwenda nyumbani kwa hasira. Nikamwita mtoto, nikamwuliza ziko wapi fedha za daftari. Akasema zilianguka njiani. Nikamwuliza mara ya pili, akasema alimwazima mwenzake. Mara ya tatu akanyamaza. Baadaye nilikuja kujua ya kuwa alinunua mandazi na gololi. Basi nikachukua fimbo. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono, ndipo mtoto akalia akisema, "Baba, nilisema hayupo tu! Nilidhani mtu akidaiwa ndivyo anavyosema."

Wasomaji, mtoto yule hakuwa na jeuri. Hakunijibu kwa ujuvi, wala hakuwa na nia ya kuniaibisha. Alikuwa akieleza somo lake kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa mimi. Fimbo ilishuka yenyewe. Mama watoto, aliyekuwa karibu na meko, hakusema neno mbele ya mtoto, maana ni mwanamke mwenye busara. Lakini usiku aliniambia, "Ukimpiga mtoto kwa sababu ya uongo huu, wewe nawe ujitafutie mtu wa kukupiga."

Usiku ule nilikuwa zamu ya kuongoza sala ya nyumbani. Nilifungua Biblia nikaifunga, nikasema kwamba nimechoka, tulale. Na huo nao haukuwa ukweli wote.

Baada ya hayo nilikumbuka jambo nililolisoma nikiwa shuleni kwa wamishonari, ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu alipofika Misri aliogopa kuuawa kwa ajili ya mkewe, akasema Sara ni dada yake. Habari hiyo imo katika mlango wa 12. Katika mlango wa 20 alifanya vivyo hivyo kwa mfalme wa Gerari. Sara alikuwa binti wa baba yake kwa mama mwingine, na kwa hiyo lile lilikuwa nusu ya kweli, lakini lilitumika kwa kazi ya uongo. Sasa tazama mlango wa 26. Isaka, mwana wa Ibrahimu, naye akafika Gerari, naye akaogopa, naye akasema ya kwamba Rebeka mkewe ni dada yake. Safari hii haikuwa hata nusu ya kweli. Maneno ni yale yale ya baba, na mahali ni pale pale.

Mambo hayakuishia hapo. Isaka alipozeeka na macho yake kupofuka, mwanawe Yakobo alimdanganya, akaficha mikono na shingo yake kwa ngozi za wana-mbuzi ili apate baraka ya nduguye. Na Yakobo alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, wanawe wakamdanganya yeye: walichinja mbuzi, wakachovya kanzu ya Yusufu katika damu, wakampelekea baba yao aitambue. Baba alidanganya kwa ngozi ya mbuzi, naye akadanganywa kwa damu ya mbuzi. Wazee wetu husema maji hufuata mkondo. Hao walikuwa watu waliomjua Mungu, waliojenga madhabahu na kuomba. Hata hivyo uongo ulirithiwa katika nyumba ile kama vile mifugo inavyorithiwa.

Je, mkondo ule ulikatwa na nini? Ulikatwa pale mtu mmoja alipokubali kulipa. Katika mlango wa 44, Yuda, yule yule aliyeshauri Yusufu auzwe, alisimama mbele ya mkuu wa Misri asijue kuwa ni ndugu yake. Hakutafuta hila. Alikiri kwamba Mungu ameuona uovu wao, akaomba abaki yeye kuwa mtumwa ili mdogo wake Benyamini arudi kwa baba. Ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia, akajitambulisha kwao huku akilia. Nilipozifikiri habari hizi nilielewa ya kuwa kumwambia mwanangu "usiseme uongo" hakutoshi. Sharti mtu fulani katika nyumba yangu akubali kulipa gharama ya kweli, na mtu huyo hangeweza kuwa mtoto wa miaka 9.

Basi asubuhi nilimwita, nikamketisha karibu nami, nikamwambia, "Mwanangu, wewe umekosa, lakini mimi nilikosa kwanza. Siku ile mzee alipokuja, nilikuwamo. Nilikutuma useme uongo, kisha nikakusifu. Nisamehe." Nakiri kwamba maneno hayo yalikuwa mazito mdomoni kuliko gunia la mahindi mgongoni. Niliogopa kwamba heshima yangu ya baba imekwisha. Mtoto alinitazama kwa muda, akasema, "Ndiyo, baba." Hakusema zaidi. Lakini tangu siku hiyo sijaona heshima yake kwangu ikipungua, wala sijasikia habari ya mzazi aliyepoteza heshima ya mtoto wake kwa kukiri kosa kwa unyofu. Heshima yetu hupotea pale mtoto anapojua kweli na kutuona tukiificha.

Jumamosi iliyofuata nilichukua fedha nilizokuwa nazo, tukaenda mimi na mtoto mpaka kwa seremala. Tulimkuta akipiga randa ubao. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, nimekuja kwa habari ya deni. Na tena, siku ile ulipokuja nilikuwamo nyumbani." Mzee hakuacha kupiga randa. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Viatu vyako vilikuwa mlangoni." Kisha akaweka randa chini akaongeza, "Deni lako halikunihuzunisha sana, maana wadeni ninao wengi. Nilimhurumia huyu mtoto."

Nikakosa la kusema. Ndipo mtoto, ambaye sikuwa nimemwagiza kitu, akasogea mbele akasema kwa sauti ndogo, "Babu, mimi pia nilikudanganya. Baba hakwenda sokoni." Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwambia, "Basi, yamekwisha." Tukapatana kwamba fedha zilizobaki nitazilipa kwa miezi 2, na nimezilipa. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna dawa nyingine. Kuhusu fedha za daftari, mtoto naye alizilipa kwa kazi: kwa majuma 4 alichota maji ya kuku na kuokota kuni kila alasiri kabla ya kwenda kucheza. Na ile barua ya kumwomba mwalimu radhi aliiandika mwenyewe.

Ndugu wasomaji, huenda mmoja wenu akasema, "Karani huyu analeta mambo ya kigeni. Tangu lini mzazi akamwomba mtoto msamaha?" Nami namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, dini yetu haina mlango mmoja wa watoto na mwingine wa wazazi. Wote twaingia kwa mlango wa toba. Zakayo alikuwa mtu mzima, tena mkuu wa watoza ushuru, lakini Bwana Yesu alipoingia nyumbani kwake alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara 4 kila mtu aliyemdhulumu. Kama alikuwa na watoto, nafikiri siku ile walipata somo ambalo hawakulisahau maishani mwao.

La pili, nawaletea habari ya mama mmoja wa zamani, Susanna Wesley, aliyekaa katika mji mdogo wa Epworth huko Uingereza. Mumewe, Samuel, alikuwa mchungaji wa kanisa. Walikuwa na watoto wengi, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Taabu ya deni waliijua vizuri, maana mwaka 1705 Samuel alifungwa gerezani huko Lincoln kwa kushindwa kulipa, na mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. Katika watoto walionusurika walikuwamo John na Charles, ambao baadaye walianzisha jamii ya Wamethodisti. Wamishonari wa Kimethodisti ndio waliofungua kituo cha Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Kwa hiyo malezi ya mama yule yalikuja kugusa hata pwani yetu.

Mwaka 1732 John alikuwa mtu mzima, akamwomba mama yake amwandikie jinsi alivyowalea. Mama akamjibu kwa barua ndefu ya tarehe 24 Julai. Katika barua hiyo anaeleza kanuni alizoziweka nyumbani, na ya kwanza ndiyo iliyonichoma moyo. Alikuwa ameona ya kuwa watoto wengi husema uongo kwa hofu ya adhabu, kisha huzoea, na mazoea hayo huwa magumu kuyaacha. Basi akaweka sheria kwamba mtoto aliyekosa, akikiri kwa unyofu na kuahidi kujirekebisha, hatapigwa. Yeye mwenyewe anasema kwamba kanuni hiyo ilizuia uongo mwingi.

Ziko na nyingine. Mtoto aliyekwisha kuadhibiwa kwa kosa asilaumiwe tena kwa kosa lile lile. Mtoto atendapo jema kwa hiari yake asifiwe. Ahadi zitimizwe, na kitu kilichokwisha kutolewa zawadi kisirudishwe. Mali ya kila mmoja iheshimiwe, hata ikiwa ni pini tu. Tena alikuwa na desturi ya kutenga jioni moja kila juma kwa kila mtoto, wakae wawili peke yao wazungumze mambo ya roho yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Fikirini, mama mwenye kazi za nyumba nzima, mwenye deni, mwenye watoto tele, aliweza kupata saa ya mtoto mmoja. Sisi wenye watoto 4 au 5 hatuna udhuru.

Sisemi tumfuate mama huyo katika kila neno. Katika mambo mengine alikuwa mkali kupita kiasi, kwa maana alitaka hata mtoto wa mwaka mmoja ajue kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Hayo hatuyataki. Hapa Kenya kiboko kilikatazwa shuleni tangu mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yamlinda mtoto na adhabu za kikatili. Lakini ile kanuni yake ya kumfungulia njia mtoto anayetaka kusema kweli ni dhahabu safi, na mtu mwenye hekima huokota dhahabu popote aionapo.

Basi, kutokana na hayo yote, naomba kuwapa wazazi wenzangu mashauri machache.

Kwanza, tusiwatume watoto wetu kusema uongo, hata ule tunaouita mdogo. "Mwambie nimelala." "Mwambie kondakta una miaka 5." "Ukiulizwa na shangazi yako, sema hatuna sukari." Sisi twasahau maneno haya kabla ya jua kuchwa, lakini mtoto huyaweka akiba. Ikiwa hatuwezi kumlipa mtu leo, tutoke tumwambie hivyo kwa vinywa vyetu.

Pili, mtoto anayekuja mwenyewe kukiri kosa, apokewe. Simaanishi kwamba kosa lifutwe kana kwamba halikutokea. Aliyevunja atengeneze, aliyechukua arudishe, aliyedanganya aende akaseme kweli kwa aliyemdanganya. Lakini asikutane na ngumi mlangoni. Mtoto akigundua kwamba kweli na uongo vyote huleta kipigo, atachagua uongo, kwa kuwa uongo una bahati ya kutogunduliwa.

Tatu, tutimize ahadi tunazowapa watoto. Baba aliyeahidi kalamu akasahau, kisha akaahidi shati akasahau tena, amemfundisha mtoto kwamba maneno ya mkubwa ni upepo. Kesho atakapomwambia kwamba Mungu hutimiza ahadi zake, mtoto atapima kwa kipimo alicho nacho, nacho ni baba yake. Kwa hiyo tuahidi machache, na hayo machache tuyatimize.

Nne, tuwafundishe ya kwamba kweli ni ndugu ya upendo. Mtoto asije akadhani ni kusema kweli kumcheka kilema, au kutangaza sokoni mambo ya jirani, au kushtaki ndugu zake kila saa ili apate sifa. Kweli kwanza huanza na makosa yangu mimi. Mtoto akisema, "Ni mimi niliyeacha lango wazi, ndama akatoka," amesema kweli ya Kikristo. Akikimbilia kusema, "Ni fulani," mwulizeni kwa upole yeye alikuwa wapi.

Tano, tuzungumze nao wakati wa kazi. Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu mlango wa 6, yaagiza wazazi wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Haikutaja jengo maalum. Shule ya Jumapili ni kitu kizuri, na walimu wake twawashukuru, lakini saa moja ya Jumapili haiwezi kuzishinda saa zote za juma. Mtume Paulo alipotaja imani ya Timotheo, alisema kwamba ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ilianza nyumbani, mikononi mwa wanawake wawili. Nanyi mama na bibi mnaosomewa gazeti hili, msidharau maneno mnayoyasema mkipepeta mchele.

Wakulima wenzangu wanajua habari ya mche wa kahawa. Hukuzwa kwanza kitaluni chini ya kivuli, ukamwagiliwa kwa kiasi. Unapokaribia kuhamishwa, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili uzoee jua. Ukipandwa shambani ungali laini, hunyauka. Ukiachwa kivulini siku zote, huwa dhaifu. Hata ukipandwa vizuri, hupita miaka kama 3 kabla hujachuma zao la kwanza la maana, na muda huo wote palizi haina mapumziko. Hakuna mkulima anayesimama mbele ya mche wa miezi 6 akiukaripia kwa nini hauna matunda. Lakini sisi twataka mtoto aambiwe leo, awe mkamilifu kesho. Tabia ya roho hukua kwa mwendo wa kahawa, nayo hutaka mkulima asiyechoka.

Sisemi kwamba mwanangu sasa amekuwa malaika. Bado husahau kazi, bado hugombana na dada yake, na huenda kuna mambo nisiyoyajua. Lakini mwezi uliopita lilitokea neno dogo nililoliandika moyoni. Nilirudi kazini jioni nimechoka, nikamkuta ananingoja njiani, mbali na nyumba. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa katika kitambaa. Akasema, "Baba, nimevunja kikombe cha mama, kile alichopewa siku ya arusi. Nilikuwa nacheza mpira ndani, nanyi mlinikataza." Akafungua kitambaa nikaona vipande.

Kikombe kile mke wangu alikipenda sana. Nilisikia hasira ikipanda, na ulimi ukitaka kusema. Lakini nilikumbuka kwamba nilikuwa nimemwahidi mtoto huyu kanuni ya yule mama wa Epworth, na ya kuwa leo inajaribiwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa nitaivunja, haitaaminiwa tena. Nikamwambia, "Umefanya vyema kuniambia. Sasa twende kwa mama yako, nawe utamwambia mwenyewe." Akaniuliza, "Utakuwapo?" Nikamjibu, "Nitakuwapo."

Tukaenda pamoja. Mama yake alihuzunika, na machozi yalimtoka kidogo, na mtoto alipoyaona machozi yale alipata adhabu kubwa kuliko ambayo fimbo ingeweza kutoa. Sasa anauza mayai ya kuku wake mmoja, anaweka akiba ya kununua kikombe kingine. Kitachukua muda mrefu, nasi tumemwacha achukue muda huo.

Wasomaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mlango, na siku moja mtu atabisha hodi tusiyependa kumwona. Siku hiyo mtoto atasimama kati ya mlango na kiti chetu, akitazama tutafanya nini. Hapo ndipo somo litakapotolewa, tupende tusipende. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mungu atujalie nguvu ya kuinuka kitini, twende mlangoni wenyewe, na kusema, "Karibu. Nipo."